Aliyeomba Makosa, Akaletewa Nyimbo

"Hakulalamika hata siku moja." Hivyo ndivyo alivyosoma yule bwana wa ofisi ya elimu, suti ya kijivu, karatasi mkononi, amesimama mbele ya jeneza la Mwalimu Deo. Akaendelea kutusomea kwamba marehemu aliipa kazi yake bure kila shule ya Kasongo na Kabambare, na kwamba aliifanya kwa furaha, kimya kimya, mpaka macho yake yakazimika. Wanawake niliokaa nao mkekani wakaitikia kwa vilio. Mimi pia nililia, lakini machozi yangu mengi siku ile yalikuwa ya hasira. Alilalamika! Nilikuwepo. Alilalamika asubuhi na mchana, kwa mdomo na kwa barua, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na alipokuwa hataki nimwelewe alilalamika kwa Kizimba, lugha ya kwao. Waliokuwa wakiletewa malalamiko hayo ndio hao waliojaa kwenye viti vya mbele siku ya mazishi, wanafuta nyuso kwa leso. Nilitaka kusimama niseme. Binti yangu akanivuta nguo, akaninong'oneza, "Mama, hapa ni kwenye kilio." Nikakaa. Kwa hiyo naandika hapa nilichokuwa nataka kukisema pale, na naandika mwaka mmoja tu, kwa sababu mwaka ule unatosha.

Mwalimu Deo alifundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Kasongo. Miaka michache kabla ya ule ninaoukumbuka aliandika programu ya kompyuta ya kujumlisha maksi za wanafunzi, kutoa asilimia, kupanga darasa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na kuchapa buletini, zile ripoti za matokeo wanazopelekewa wazazi. Aliiita Alama. Kabla ya Alama, mwisho wa mwaka walimu walikuwa wanakaa siku nyingi na kalamu na vikokotoo, wakigombana juu ya nusu maksi. Baada ya Alama kazi hiyo ilikuwa ya siku moja. Na kwa kuwa yeye mwenyewe aliijenga kwa vipande alivyovikuta mtandaoni, vilivyoachwa pale na watu asiowajua ili yeyote avitumie, aliona ni aibu kuifungia. Akaitoa iwe programu huria: ichukue, inakili, mpe mwenzako, fungua msimbo, yaani yale maandishi ya ndani yanayoiendesha, usome, urekebishe kinachokusumbua, kisha utuletee ulichorekebisha ili na wengine wakipate. Hayo yote aliyaeleza kwenye karatasi moja kwa lugha nyepesi. Watu walisoma neno la kwanza, ichukue, wakakunja karatasi wakaweka mfukoni.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa napiga chapa na kutoa fotokopi katika duka la shangazi yangu Zaina, karibu na soko, na Alama ilikuwa inaishi kwenye chumba cha nyuma cha duka hilo. Nikifumba macho nakiona chumba chote: dirisha moja la mbao, betri ya gari chini ya meza, waya uliopanda kwenda kwenye paneli ya jua juu ya bati, na magunia ya mchele ya shangazi yaliyotubana mpaka mtu wa pili akiingia ilibidi wa kwanza avute miguu. Mwalimu alikuwa anafika saa saba, masomo yakiisha, na chaki bado kwenye vidole. Shangazi alituletea wali, sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese, na samaki wa moshi kutoka Nyangwe. Tulikula kwanza, kompyuta ikingoja. Siku moja nikaona Mwalimu anabeba kila kipande cha samaki mpaka dirishani, anakigeuza kwenye mwanga, anatafuta miiba kwa ncha ya kidole. Shangazi naye aliona. "Mwalimu," akasema, "macho yako iko namna gani?" Akajibu huku bado anachambua samaki, kama anayetaja bei ya chumvi. Alikuwa ametoka hospitali. Presha ya macho, iliyogunduliwa ikiwa imechelewa. Walimwambia ahesabu mwaka mmoja, labda na kidogo.

"Niko na mwaka moja wa kutafuta watu," akasema. "Miye nikipofuka, ile Alama itapofuka pamoja na miye."

"Utakosa watu namna gani?" shangazi akamuuliza. "Si shule zote inatumia?"

"Inatumia, Mama Zaina. Na inapenda sana. Lakini hakuna mutu hata moja anafungua anaangalia ndani."

Tangu siku ile niliacha kuwa mpiga chapa tu. Alianza kunifundisha kusoma msimbo, mstari kwa mstari, yeye akikariri na mimi nikifuata kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Kosa likionekana alikuwa ananiachia nihangaike nalo, halafu ananisahihisha kwa ukali mpaka shangazi anakohoa upande wa pili. Lakini mtu mmoja hakutosha, naye alilijua hilo kuliko mimi. Ningeweza kuolewa Kindu, ningeweza kuugua. Tulihitaji watu wa kutuambia Alama inakosea wapi, na katika hao tupate wawili watatu wa kujifunza kuitengeneza. Aliandika barua kwa wakuu wa shule. Aliandika nyingine. Majibu yalikuwa salamu.

Wazo la sahani lilikuwa langu, na sijui hata leo nijisifu au nijilaumu. Kwetu, jirani akikuletea chakula kwenye sahani yake, hiyo sahani huirudishi tupu. Utaweka mayai mawili, au chumvi kidogo, au ndizi. Ukiirudisha tupu watu wa nyumba ile watakuona hukulelewa. Nikamwambia Mwalimu tufanye vivyo hivyo na kle, yaani flashi, vile vijiti vidogo vya kubebea mafaili. Kila shule tuipe kle yenye Alama mpya, na tuwaambie kwamba mwisho wa muhula kle irudi, na isirudi tupu. Mwalimu alicheka, kitu ambacho alikuwa amekipunguza. Tukakata vikaratasi, tukaandika kwa herufi kubwa: irudi na kosa moja mliloliona, au swali moja, au jina la mtu mmoja anayetaka kujifunza. Tukavifunga kwenye kle kwa uzi na kuwapa waendesha pikipiki. Zikaenda Nyangwe, Wamaza, Salamabila, na shule za njiani.

Zilirudi zote. Hilo nataka lijulikane, kwa sababu kuna watu wanapenda kusema watu wa huku hawana mpango. Hakuna hata moja iliyopotea, na hakuna iliyorudi tupu. Ya kwanza ilikuwa na nyimbo za kwaya. Ya pili ilikuwa na kaswida na picha za mtoto mchanga wa mkuu wa shule, kwa pembe zote. Ya Nyangwe ilikuja imefungwa ndani ya kitambaa pamoja na karanga za kukaanga, na ndani yake kulikuwa na video ya harusi kuanzia mwanzo mpaka wageni walipoanza kusinzia. Ya Salamabila ilileta filamu za watu wanaopigana mateke, na pamoja nazo virusi vilivyokula mafaili yetu. Siku tatu nzima tulikuwa tunaokoa kazi. Kila moja ilikuwa na barua, na kila barua ilisema Alama iko muzuri sana, Mungu amubariki Mwalimu na kumuongezea maisha. Makosa hakuna. Maswali hakuna. Majina hakuna. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya magunia, karanga mkononi. "Niliomba makosa," akasema, "wananiletea nyimbo!" Shangazi akachungulia mlangoni. "Sasa Mwalimu, ni nani anarudisha sahani na kusema mboga yako ilikosa chumvi? Ulitaka watu wakutukane?" Mimi niliangua kicheko. Mwalimu hakucheka, alinipa karanga zote na akarudi kwenye kioo, pua karibu inakigusa.

Baada ya miezi kadhaa wakaja wale wa gari jeupe. Shirika lao sitalitaja, na kwa hasira niliyo nayo si vizuri nilitaje. Walikuwa wamesikia habari za Alama. Walimweka Mwalimu mbele ya kompyuta wakampiga picha anajifanya anasoma. Hawakujua jinsi alivyokuwa anajifanya kweli. Kisha wakaomba nembo yao ikae kwenye ukurasa wa kwanza, na kiongezwe kisanduku cha taarifa wanazozihitaji wao, kabla ya Ijumaa. Mwalimu akasema sawa, ila naye ana ombi moja: wamletee vijana wawili wakae naye miezi sita wajifunze. Bibi aliyekuwa kiongozi wao akatabasamu kwa huruma. Akasema wana fungu la kuanzisha vitu, hawana fungu la kutunza vitu. Nilikuwa natoa fotokopi za vitambulisho vyao upande wa mbele, nikawasikia wawili wanaongea kwa Kifaransa, wanadhani mpiga chapa hasikii. Mmoja alisema kitu hiki kimekwisha kukamilika, kinafanya kazi chenyewe, hakuna tena cha kusaidia. Tuandike tu kwamba tulikiwezesha. Kinafanya kazi chenyewe! Nyuma ya ukuta huo huo mtu alikuwa anamalizia macho yake ili kifanye kazi. Wakamwachia cheti cha sifa ndani ya fremu ya kioo, wakaondoka. Shangazi alikitundika juu ya magunia, Mwalimu akakigeuza kikaangalia ukuta. Na kisanduku chao alikiandika, kikaisha Alhamisi, kwa sababu alijua kisipokuwepo watakaosumbuliwa ni walimu wa vijijini. Siku hiyo nilimkasirikia na yeye. Nilimwambia aache, waone wenyewe. Akaniambia watakaoona ni watoto, siyo wao.

Mwaka wa shule ulipoisha tukaalikwa Wamaza kwenye proklamasio. Huko kwetu matokeo hayabandikwi ukutani na kuachwa. Yanasomwa kwa sauti mbele ya wazazi wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na mwisho kabisa wanasomwa walioanguka. Mtoto akisikia jina lake upande huo, kijiji kizima kimelisikia. Tulikwenda kwa pikipiki mbili, kompyuta ikiwa ndani ya mfuko kifuani mwa Mwalimu kama mtoto, tukisukuma kwenye matope mahali palipotushinda. Walitupokea kama wakwe. Kuku, wali, viti vya mbele, watoto wakaimba wimbo wenye jina la Mwalimu Deo. Direktere wa shule akasimama na karatasi zilizochapwa na Alama, akaanza kusoma, na kila jina wamama walipiga vigelegele. Akafika darasa la tano. Akafika walioanguka. Akasoma jina la msichana mmoja, "Sifa, asilimia thelathini na nane."

Mwanamke mmoja akasimama katikati ya watu, kitambaa cha kichwa kimelegea. Hakupiga kelele. Alisema, "Direktere, huyu mutoto alikuwa hospitali wakati wa ekzame. Karatasi ya ruhusa uliandika weye mwenyewe. Ekzame hakufanya, namna gani anaanguka?"

Msichana mwenyewe alikuwa ameketi chini na wenzake, magoti kifuani, anaangalia vidole vyake vya miguu. Direktere akaangalia karatasi, akaangalia Mwalimu Deo, akaangalia tena karatasi. Na pale nyuma ya viti vyetu mwalimu mmoja wa darasa la sita, jina lake Amisi, akainama kwa mwalimu mwenzake mgeni, yule wa darasa la tano, na kumnong'oneza kwa hasira, "Hawakukuambia? Pale pakiwa wazi usiache hivyo! Alama inahesabu sifuri. Siye wote tunajaza kwa mukono." Alidhani ananong'ona. Mwalimu Deo, ambaye macho yalikuwa yamemwachia masikio, aligeuka na kiti chake.

"Inahesabu sifuri?" akauliza.

Amisi akasimama wima kama mwanafunzi. "Ndiyo, Mwalimu. Mutoto akikosa ekzame kwa ruhusa, inapaswa kutoa ile ekzame kwenye hesabu. Yenyewe inaweka sifuri."

"Mulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Ni nani alijua?"

"Shule yetu. Nyangwe pia. Na Salamabila, wale walitufundisha kujaza. Tuliona haya, Mwalimu. Kitu ulitupatia bure. Tutakuambia namna gani kama iko mubaya?"

Hapa nimefika mahali ambapo kwa miaka yote nikisimulia habari hii huwa nataka kuparuka. Mwalimu alipouliza ni nani alijua, mimi nilikuwa nimeketi karibu naye, mkono wangu kwenye mfuko wa kompyuta, na nilijua. Mwezi wa pili wa mwaka ule, nikichapa buletini za shule moja ya hapa mjini, niliona mtoto mgonjwa amepewa sifuri. Nilisoma msimbo, nikaona mstari wenyewe, nikauangalia kwa muda. Nikajiambia Mwalimu hawezi kukosa kitu chepesi hivi, lazima ana sababu yake. Tena siku ile alikuwa amechoka, na macho yanamuuma. Nikajaza kwa mkono. Baadaye nikaendelea kuwacheka wale walioleta karanga. Kwa hiyo nikisema nina hasira na walimu wa sehemu zetu, na ofisi, na gari jeupe, ninayo kweli, na sioni sababu ya kuipunguza. Lakini asinifikirie mtu kwamba nimekaa kando ya orodha hiyo.

Direktere alitaka mambo yaishe kwa adabu ofisini, na sherehe iendelee. Akasema, "Mwalimu, tutatengeneza ndani ya biro, polepole. Tuendelee na fete." Mwalimu Deo akakataa. "Mutoto ameitwa mbele ya watu," akasema, "ataitwa tena mbele ya watu." Akafungua mfuko, akaweka kompyuta juu ya kiti chake, akapiga magoti chini. Jua lilikuwa kali, hakuona kitu. Nikanyoosha mikono nichape kama kawaida. Akaiondoa mikono yangu. "Hapana weye. Huyu." Akamvuta Amisi. Na mbele ya wazazi, mbele ya wimbo wenye jina lake, akatangaza kwamba Alama ina kosa, kwamba kosa ni lake, na kwamba wakingoja kidogo litatoka. Alikuwa anaujua msimbo wote kwa moyo. Akamwambia Amisi shuka mpaka mahali fulani, soma kilichoandikwa, futa, andika hivi. Amisi aliandika kwa kidole kimoja, jasho likimdondoka kidevuni. Mistari mitatu. Hesabu ikarudiwa, na direktere akasoma kwenye kioo, maana pale nje hapakuwa na mashine ya kuchapa: "Sifa, asilimia sitini na moja. Amepita." Mama yake hakupiga kigelegele. Alienda kumwinua msichana kutoka pale chini, akamfuta vumbi mgongoni, na wakaondoka bila kuaga. Nampa haki yake.

Watu walipotawanyika tukabaki na Amisi. Mwalimu alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona tena kwa mtu. Alimuuliza kama wanangoja afe ndipo waseme. Amisi alisikiliza yote, halafu akasema jambo ambalo lilituokoa, ingawa alilisema kwa woga. "Mwalimu, weye unaomba kitu haiwezekane. Ukitaka kusema neno gumu kwa wakwe zako, haujiendee mwenyewe. Unatuma mutu. Usituombe kukuletea ubaya wetu. Lakini ubaya wa wale wa Nyangwe, huo naweza kuleta hata leo." Mwalimu akamuuliza, "Na wa Nyangwe watakuja kusema wa kwenu?" "Hao?" Amisi akasema. "Watafurahi sana."

Na ndivyo tulivyofanya. Tulifuta vikaratasi vya sahani. Kila shule ikapewa shule nyingine ya kusemea: Wamaza ilisemea Nyangwe, Nyangwe ilisemea Salamabila, na kuendelea hivyo mpaka mduara ukafunga. Makosa yalimiminika. Barua zilianza, "Siye hatuna shida yoyote, lakini wale ndugu zetu wanasema..." na chini yake kulikuwa na kurasa. Makosa mengine yalikuwa na umri wa miaka. Nilizisoma barua zile na damu ikinichemka, kwa sababu kila mstari ulikuwa siku moja ya macho ya Mwalimu ambayo ingetumika vizuri tukijua mapema. Amisi alianza kuja Kasongo wakati wa likizo kujifunza, kisha akaleta wawili. Leo Alama inatunzwa na watu wa wilaya zote mbili, Kasongo na Kabambare, hakuna anayeitunza peke yake, na anayeondoka hawezi kuaga kabla hajamfundisha wa kumrithi. Iko pia mtandaoni, na watu tusiowajua wanatuandikia wakituamuru turekebishe hiki na kile haraka, bila hata salamu ya jambo. Nawajibu mimi. Nawauliza wako tayari kurekebisha kipi. Wengi hawarudi.

Lakini nilikuwa sijasema langu. Nililisema njiani tukirudi kutoka Wamaza, tulipoteremka kwa mama mmoja anayechoma ndizi ili waendesha pikipiki wapumzike. Nilisema, "Mwalimu, ile sifuri. Hata miye nilijua."

Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea mpaka ganda likaisha. "Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na haukusema."

"Nilifikiri weye hauwezi kukosa."

Akaiweka ndizi chini, juu ya jani, bila kuila. "Wale wa Wamaza siyo kitu," akasema. "Weye nilikuhesabu macho yangu." Juma zima hakuja dukani. Shangazi alipika kwa watu watatu kila siku, na kila siku nilikula sahani mbili, yangu na ya Mwalimu, kwa kukosa ujasiri wa kuiangalia yake.

Alikuja Jumatatu iliyofuata, saa saba, ameshikwa mkono na mke wake. Siku ile ndiyo niliyoelewa kwamba mwaka aliopewa ulikuwa umekwisha. Hakuketi mbele ya kioo. Alitafuta gunia la mchele kwa mguu, akakaa juu yake, akapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akasema Amisi atatengeneza, na mimi kazi yangu itakuwa moja, kumsomea makosa, yote, kila Jumatatu, na nianze na yale niliyoyaona mwenyewe na kuyanyamazia. Kumbe halikuwa moja tu. Nilikuwa nimeandika orodha usiku na mchana wa juma lile, na nikamwambia yako kumi na moja. Nikasoma la kwanza. Nilikuwa nimedhani, kwa hasira yangu yote kwa watu wa nyimbo na karanga, kwamba kumwambia mtu kosa lake ni jambo jepesi ambalo wengine wanalikataa kwa uvivu. Nikasoma la pili, na nikaona vidole vyake vimebana kikombe mpaka kucha zimekuwa nyeupe. La tatu lilikuwa kwenye sehemu aliyoipenda kuliko zote, ile aliyoiandika akiwa kijana. Niliposema imeandikwa vibaya, uso wake ulikunjamana kama mtu aliyekanyaga mwiba. Ilimuuma. Ilimuuma kweli, hakuna namna ya kuifanya isiume, na nilikuwa mimi ninayeifanya. Nikakunja karatasi.

"Endelea," akasema.

"Mwalimu, labda kesho."

"Umesema kumi na moja, nimesikia tatu." Akakunywa chai kidogo, akaelekeza sikio upande wangu. "Soma, Mwajuma."

Nikakunjua karatasi, nikasoma la nne.